Kimya cha Jino Kina Mshindo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini sikuuonja ukweli wake hadi jioni moja ya mwaka 2023, nikiwa nyumbani kwangu hapa Gitothua, mbele ya sahani ya githeri. Nilitafuna punje ya mahindi, mara nikahisi kitu kigumu kikizunguka ulimini. Nikadhani ni kijiwe kilichopita wakati wa kuchagua maharagwe. Nilipokitema kiganjani nikaona kuwa ni kofia ya gego langu la chini, upande wa kushoto. Ndani ya kofia hiyo kulikuwa na kipande cha jino lenyewe, cheusi na laini, mithili ya ubao ulioliwa na mchwa.

Kofia hiyo nilivishwa mwaka 2008, baada ya gego kuoza hadi kwenye kiini na mzizi wake kusafishwa na kuzibwa. Kwa muda wa miaka kumi na mitano haikuniuma hata siku moja. Nilijivunia jino hilo mbele ya walimu wenzangu, nikilitaja kuwa ndilo jino langu lililo imara kuliko yote. Kweli, katika mwaka mmoja au miwili ya mwisho nilikuwa nikihisi harufu isiyopendeza upande ule, na nyuzi za nyama zilikuwa zikinasa pale kila nilapo. Hayo yote niliyapuuza. Hoja yangu ilikuwa moja tu: haliumi.

Daktari wa meno aliyenipokea mjini Ruiru siku ya pili alipiga picha ya eksirei, akaniita niitazame pamoja naye. Juu ya ufizi hapakuwa na jino la kuvika chochote. Akaniambia, kwa upole ambao sikuustahili, "Mwalimu, kofia yako haina kosa lolote. Jino ndilo lililooza chini yake. Ungalikuja miaka mitatu iliyopita tungaliliokoa." Gego likang'olewa asubuhi ile ile, na pengo ninalo hadi leo.

Siandiki makala haya kwa nia ya kulililia gego lililokwisha kwenda. Naandika kwa sababu tangu siku ile nimegundua kwamba watu wengi waliovishwa kofia za meno, wakiwemo walimu wenzangu na wazazi wa wanafunzi wetu, hawajui ni lini kofia inapaswa kubadilishwa. Baadhi yao husubiri maumivu, kama nilivyosubiri mimi. Wengine hukubali kubadilishiwa mara tu wanapoambiwa kwamba kofia zao zimezeeka. Makundi haya mawili yanapotea njia moja, ingawa yanatembea kwa kupeana migongo. Hoja yangu ni kwamba uamuzi wa kubadilisha kofia ya jino hauna budi kutegemea ushahidi unaoonekana na kushikika. Maumivu si ushahidi wa kutosha, umri wa kofia hautoshi, na neno tupu la mtu yeyote, hata awe amevaa koti jeupe, halitoshi vile vile.

Ili hoja hii ieleweke, yafaa tukumbushane kofia ya jino ni kitu gani. Ni kifuniko kizima, chenye umbo la jino, kinachovishwa juu ya jino lililovunjika au kuoza sana, au lililotibiwa mzizi, ili lisipasuke wakati wa kutafuna. Wengine huiita taji. Kule Mombasa, Lamu na Unguja watu walizijua tangu zamani kofia za dhahabu, na si ajabu kumwona bibi wa makamo akicheka jino likimeremeta, kwa kuwa jino la dhahabu lilikuwa pambo na dalili ya heshima. Huku kwetu bara zimezoeleka zaidi zile zenye chuma ndani na kauri nyeupe nje, ambazo ufundi wake ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1962. Siku hizi zipo pia za kauri tupu na za zirkonia, ambazo hazina chuma ndani.

Hata iwe ya aina gani, kazi ni ile ile. Daktari hulichonga jino pande zote, kiasi cha milimita moja hadi mbili, ili kofia ipate nafasi ya kukaa bila kulizidi jino kwa unene. Kisha huichukua sura ya jino lililochongwa, fundi wa maabara akatengeneza kofia, nayo ikagandishwa kwa saruji maalumu. Mahali kofia inapokomea na jino kuendelea ndipo panapoitwa mpaka. Msomaji na aushike moyoni mpaka huo, maana habari yote ya kofia ya jino, iwe ya kuishi au ya kufa, hutokea hapo.

Dhahabu haiozi, wala kauri haiozi. Kinachooza ni jino lililo chini. Vijidudu vya kinywani hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo hulitafuna jino. Kofia ikikaa vizuri na mpaka wake ukiwa umefungika, vijidudu havipati pa kupenya. Lakini saruji ikilika, au mpaka ukiachana na jino kwa upenyo mwembamba, au mwenye jino akiwa hapasafishi, vijidudu hujenga kambi mahali ambapo mswaki haufiki. Isitoshe, kadiri miaka inavyopita ufizi huweza kushuka na kuuacha mzizi wazi. Mzizi hauna lile tabaka gumu linaloufunika uso wa jino, kwa hiyo huoza upesi zaidi. Ndiyo maana mtu huweza kuwa na kofia inayong'aa kama siku ya kwanza, huku chini yake jino limebaki ganda.

Mbona basi haliumi? Hapa ndipo wengi wetu tunapohadaika. Jino linapotibiwa mzizi, kiini chake pamoja na mishipa ya fahamu huondolewa. Jino hilo haliwezi tena kuhisi baridi ya maji wala moto wa chai, na halina njia ya kumwambia mwenyewe kwamba linaoza. Ni sawa na shule iliyoondolewa kengele: moto ukizuka bwenini usiku, hakuna kitakacholia. Kumbe yule anayelala usingizi mnono kwa kuwa hajasikia kengele ndiye aliye hatarini kuliko wote. Magego mengi yanayovishwa kofia yamekwisha kutibiwa mizizi, na kwa hivyo kimya chake hakina maana yoyote ile. Kwa jino ambalo kiini chake kingali hai, maumivu huweza kuja, lakini mara nyingi huja wakati uozo umekwisha kukaribia kiini. Naam, mficha maradhi kilio humfichua, lakini jino lisilo na mishipa ya fahamu halina hata kilio.

Mtu akisikia hayo aweza kusema: "Kama ni hivyo, heri nizibadilishe kofia zangu zote mapema, nipate amani." Hilo nalo ni kosa, na gharama yake ni kubwa. Sikiliza mkasa wa mwalimu mwenzangu.

Mwalimu huyu alivunjika meno manne ya mbele katika ajali ya matatu kwenye barabara ya Thika alipokuwa chuoni, akavishwa kofia nne za chuma na kauri. Baada ya miaka kumi na mitatu aliona mstari mweusi mwembamba ukijitokeza kwenye ufizi, juu ya kila kofia. Akaenda katika kliniki moja, ambayo sitaitaja, akaambiwa kwamba kofia zake "zimepitwa na wakati" na zote nne ni lazima zibadilishwe haraka. Bei aliyotajiwa ilikuwa mishahara yake ya miezi kadhaa. Alipouliza kuna kasoro gani hasa, akajibiwa kwamba zimezidi miaka kumi.

Alikuja katika chumba cha walimu akitafuta wadhamini wa mkopo wa chama cha akiba. Mimi, ambaye pengo langu lilikuwa bado bichi, nikamwambia, "Mwalimu, kabla hatujatia sahihi, nenda kwa daktari wa pili." Akaenda. Daktari wa pili alipitisha chombo chembamba chenye ncha kuzunguka mpaka wa kila kofia, akapiga picha, akakagua namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Akamweleza kwamba mstari ule mweusi ulikuwa ukingo wa chuma cha kofia, uliojitokeza kwa kuwa ufizi umeshuka kidogo. Mipaka ilikuwa imefungika, hapakuwa na uozo, wala hapakuwa na ufa. Akamwambia, "Mstari huu ukikukera machoni, hilo ni shauri lako na mfuko wako. Lakini kwa upande wa afya, sioni sababu. Rudi baada ya mwaka." Mwenzangu hakuchukua mkopo. Kofia zake nne zingali kinywani, naye angali akiwafundisha watoto kutofautisha "thamani" na "dhamana" bila ulimi kuteleza, jambo ambalo kila mwalimu wa lugha anajua kwamba haliwezekani bila meno ya mbele.

Kwa nini nasema kubadilisha bila sababu ni hasara, hata kwa mwenye fedha? Kwa sababu kofia ya jino haivuliwi kama ile ya kichwani. Aghalabu daktari hulazimika kuikata vipande ili itoke. Kisha jino lililo chini husafishwa na kuchongwa tena ili lipokee kofia mpya. Kila mara linapochongwa, jino hupungua, na kama kiini chake kingali hai, kila mchongo hukitia katika hatari ya kufa. Jino ni kama penseli ya mwanafunzi: mchongo mmoja huipa ncha nzuri, lakini hakuna mchongo unaoirefusha. Mtu anayebadilishiwa kofia nzima kwa sababu ya umri wake tu amelipa fedha ili jino lake lifupishwe.

Wala si kweli kwamba kofia zote hufa pamoja zikifikisha miaka fulani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano, takriban kofia 95 kati ya 100 za chuma na kauri zilikuwa zingali zikitumika. Wengi hukaa nazo miaka kumi hadi kumi na mitano, na wapo waliokaa nazo zaidi ya ishirini. Kofia ya jino si pakiti ya maziwa iliyopigwa muhuri wa tarehe ya kuharibika. Umri ni sababu ya kuikagua, haujawa sababu ya kuing'oa.

Baada ya kuzikataa njia hizo mbili mbovu, ni wajibu wangu kuonyesha ile iliyonyooka. Ni dalili zipi basi zinazompasa mtu aende kwa daktari bila kungoja?

Kwanza, kofia ikicheza. Hata kama inacheza kidogo mno, saruji imeachia na vijidudu vinaingia kila unapomeza mate. Pili, harufu au ladha mbaya inayotoka mahali pamoja hata baada ya kupiga mswaki. Tatu, chakula kinachonasa kila mara mahali ambapo zamani hakikuwa kikinasa. Nne, maumivu unapouma kitu, au jino kushtuka kwa baridi, moto au sukari. Tano, ufizi uliovimba au unaotoka damu kuizunguka kofia hiyo, au kipele cha usaha kinachojitokeza na kutoweka juu ya mzizi. Sita, ufa au kipande kilichomeguka. Saba, kofia ya chuma iliyolika kwa kusagwa hadi ikatoboka, jambo linalowapata hasa watu wanaosaga meno usingizini.

Kuhusu dalili ya damu ya ufizi, ningependa kutia mkazo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima wote waliopimwa walikuwa na ufizi unaotoka damu. Jambo likiwa la kila mtu, watu huliona kuwa la kawaida, nao huendelea kutema damu kwenye sinki kila asubuhi bila wasiwasi. Damu hiyo si ya kawaida hata ikiwa ya wengi, na ikitoka kando ya kofia, huenda ndiyo habari ya pekee utakayopewa na jino lisilo na uwezo wa kuuma.

Hata hivyo, dalili ni mwito wa kwenda kukaguliwa. Haijawa hukumu ya kubadilisha. Kofia iliyotoka nzima, ikiwa jino lingali zuri, mara nyingi husafishwa na kugandishwa upya. Kauri iliyomeguka kidogo huweza kulainishwa au kuzibwa. Jino linalouma baada ya kuvishwa kofia mpya huenda linahitaji kusawazishwa tu, kwa sababu kofia imekuwa ndefu kuliko jirani zake. Hata mzizi ulioambukizwa chini ya kofia nzuri aghalabu hutibiwa kwa kutoboa tundu dogo juu ya kofia na kuliziba baadaye. Kofia hubadilishwa pale daktari anapokuta uozo umeingia chini ya mpaka, au mpaka umeachana na jino kiasi cha kupitisha ncha ya chombo chake, au kofia imepasuka au kutoboka, au inatoka mara kwa mara, au inauchokoza ufizi nao hauponi hata kwa usafi mzuri.

Hapo kuna kipimo kimoja ambacho laiti ningalikijua mapema. Ili jino liweze kubeba kofia nyingine, huhitaji kubaki na jino zima lisilooza lililo juu ya ufizi, kama milimita mbili hivi kulizunguka, ambalo kofia mpya italikumbatia. Likipungua hapo, kofia huwa haina cha kushika, nayo hutoka au huuvunja mzizi. Ndiyo maana wakati unaofaa wa kubadilisha ni baada ya ushahidi wa kuharibika kuonekana, na kabla ya hizo milimita mbili kwisha. Mwenzangu alikuwa hajaufikia mwanzo wa kipindi hicho. Mimi nilikuwa nimekwisha kuuvuka mwisho wake. Baina yetu ndipo palipokuwa na wakati ufaao, na hakuna awezaye kuujua kwa kukaa nyumbani akijigusa jino kwa ulimi.

Kwa hivyo nashauri kila mwenye kofia ya jino akaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Sisi walimu na wanafunzi tuna bahati, kwani kalenda yetu ina likizo. Anayeshindwa kukumbuka tarehe na aitenge likizo ya Agosti. Akifika kwa daktari, asikae kitini kama kondoo wa kuchinjwa. Kuuliza si ujinga. Na aulize maswali manne. La kwanza: umeona nini, nami unaweza kunionyesha? La pili: umejuaje, kwa macho, kwa chombo au kwa picha? Ieleweke kwamba eksirei haipenyi chuma, hivyo picha huonyesha mpaka ulio katikati ya meno pamoja na mzizi, lakini haionyeshi kila kilichofichwa na kofia. Daktari anayetazama picha peke yake bila kuugusa mpaka hajamaliza kazi. La tatu: tukingoja mwaka mmoja, kuna hatari gani? La nne: baada ya kuivua kofia hii, jino litakalobaki litatosha kubeba nyingine? Daktari mwema hufurahia maswali hayo. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

Sisi ambao kazi yetu ni kusahihisha mitihani tunalijua jambo hili vizuri. Hatumpi mwanafunzi alama kwa sababu ameketi kimya, wala hatumnyimi alama kwa sababu amerudia darasa na ana umri mkubwa. Tunasoma alichoandika. Kwa nini basi tunapoingia kwa daktari tunasahau kanuni tunayoishi kwayo?

Najua kuna atakayesema kwamba ushauri huu ni wa matajiri. Mshahara wa mwalimu unajulikana, na karo za watoto hazingoji. Nakubali kwamba kofia mpya ni ghali, na kwamba bima nyingi huweka kikomo kwa matibabu ya meno, kwa hiyo ni vyema kusoma masharti yake mapema. Lakini kukaguliwa hakugharimu kama kuvishwa kofia, na kofia haigharimu kama kupandikiza mzizi wa bandia wa chuma ndani ya taya, ambao ndio niliotajiwa mimi kuwa dawa ya pengo langu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fauka ya hayo, wapo watakaopata nafuu katika hospitali za umma, na pia katika hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya wakufunzi wao. Huko utakaa kitini muda mrefu zaidi, lakini kila hatua hukaguliwa na mkubwa wake.

Jambo ambalo sikubaliani nalo ni kutafuta unafuu kwa mafundi wasio na leseni. Kenya ina sheria, Sura ya 253, inayowataka madaktari wa meno wasajiliwe, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno lina daftari ambalo mwananchi yeyote anaweza kuhakikishia jina. Wala mtu asijaribu kuigandisha kofia iliyotoka kwa gundi ya dukani. Gundi hiyo haikuundiwa kinywa, nayo huifanya kofia ikae upande na kuuacha mpaka wazi. Kofia ikitoka, ioshe, ihifadhi katika kijisanduku, uipeleke kwa daktari katika siku chache zijazo kabla jino halijasogea.

Nimalize kwa kuwageukia wanafunzi, hasa wale wanaokaribia kumaliza masomo ya sekondari. Hapa Gitothua na sehemu nyingine za Ruiru, ambako mashamba ya kahawa yamekuwa yakigeuka viwanja vya nyumba za kupangisha, wamehamia watu kutoka kila pembe ya nchi. Miongoni mwao wamo waliokulia Nakuru, Naivasha na Gilgil, ambako maji ya ardhini hupita katika miamba ya volkeno na kubeba floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndugu zetu wa Arusha wanaijua hali hiyo pia. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake yakiwa bado yanaumbika huota meno yenye madoa ya kahawia. Nimewafundisha vijana wanaoficha midomo kwa kiganja wakicheka, na baadhi yao huniambia kwamba wakipata kazi, mshahara wa kwanza ni wa kuvishwa kofia nyeupe.

Siwalaumu, maana aibu ya kinywa ni mzigo mzito kwa kijana. Ila nawasihi wazingatie jambo moja. Doa la kahawia, mara nyingi, halijaoza. Jino hilo laweza kuwa zima, na madaktari wanazo njia za kulififisha doa bila kulichonga jino pande zote. Mtu anayevishwa kofia akiwa na miaka kumi na minane, naye akajaliwa kuishi hadi sabini, atabadilisha kofia hiyo mara kadhaa, na penseli yake itachongwa kila mara. Kwa hiyo kabla hujauliza kofia ya kwanza ni bei gani, uliza ya pili itakuja lini, na ya tatu itakaa juu ya nini.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni dogo. Tunapofundisha habari za meno darasani, tusikomee kwenye kuchora chonge na magego na kuwaamuru watoto wapige mswaki. Tuwafundishe kwamba jino lililotibiwa bado linahitaji kuangaliwa, na kwamba afya hupimwa. Wazazi wao watasikia habari hiyo mezani jioni, na huenda mmoja wao akalisukuma sahani la githeri kando, akaenda kutazama kinywani mwake kwa kioo.

Mimi sasa hutafuna upande wa kulia. Kila Agosti naenda kukaguliwa kofia yangu nyingine, ile ya juu, ambayo haijawahi kuniuma. Mwaka jana daktari alipitisha ncha yake kuizunguka, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Iko sawa, mwalimu. Tuonane mwakani." Nilitoka nje nikiwa na furaha, maana kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu ya kuuamini ukimya wa jino langu.